Majeruhi wa Kwanza

Moto ulipoteketeza vibanda vya soko, kila mtu aliona hasara isipokuwa Tai. Yeye aliona ufadhili. Jina hilo alipewa kwa sababu ya tai aliyoifunga shingoni hata siku za joto kali, ingawa waliowahi kufanya naye biashara walishikilia kwamba linamhusu yule ndege.

Shirika moja lilikuwa linatafuta vikundi vya watu wa kujitolea, wafundishwe kuzima moto na kuokoa majeruhi, na gharama zote lingebeba lenyewe. Tai hakuwa na kikundi. Jambo dogo kama hilo halikumnyima usingizi. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mke wa kaka yake, fundi cherehani ambaye kibanda chake kiliungua na nguo za wateja zikiwa ndani. Akamwomba amkusanyie kina mama wachache wa kusimama kwenye mstari mgeni wa shirika atakapokuja. Yeye Tai angekuwa mwenyekiti, shemeji makamu, na wengine wangepata soda.

"Na pampu je?" shemeji akauliza. "Ngazi? Ndoo?"

"Shemeji, hivyo ni vitu vya kwenye karatasi tu."

 Kibanda kilichoungua ndicho kilichokuwa kinasomesha wana wa shemeji, na uchungu wake ulikuwa haujapoa. Akasema sawa, atawaleta.

Mwakilishi wa shirika, mama mpole wa miwani, alipokewa kwa hotuba. Tai alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alieleza bila kupepesa macho kwamba kikundi chake hakiyumbi hata kiongozi akianguka: makamu anashika madaraka yote papo hapo, hakuna kusubiri. Mgeni akapendezwa sana. Akasema hundi anayo mkobani, imebaki kuandikwa jina la mpokeaji, ila kwanza angependa kuona zoezi.

Basi akahitajika mtu wa kuumia. Kina mama wakatazamana. Nani alale vumbini na nguo safi? Shemeji akamvuta Tai pembeni, akamnong'oneza kwamba hawa wataangua kicheko na kuharibu kila kitu, kwamba uongo wa namna hii unataka mwenye kipaji chake. Tai, maskini, alipenda sifa kuliko chakula. Akajitupa chini, akagaagaa, akazimia kwa ustadi mkubwa.

Kina mama wakamvamia. Walimfunga miguu kwa vipande vya mbao, wakambana mikono, wakamzungushia taya bandeji nene, kisha wakamlaza kwenye machela ambayo shemeji aliiazima zahanati na kumkaza kamba.

"Mwenyekiti hajiwezi," shemeji akatangaza. "Kuanzia sasa madaraka ninayo mimi. Mama, hiyo hundi unaweza kuiandika kwa jina langu."

Tai akafumbua macho. Alinguruma, akajipinda, machela ikatikisika. Mgeni akashika kifua.

"Jamani, anavyoigiza! Mpaka machozi."

"Huyu?" akasema shemeji. "Huyu anajitolea kwelikweli."

Hundi ikaandikwa mbele ya macho ya Tai. Na kwa kuwa zoezi ni zoezi, walimbeba hadi zahanati, wakamlaza kwenye benchi, naye akangoja zamu yake kama wagonjwa wengine, maana hakuwa na mdomo wa kusema kwamba ni mzima.

Wiki iliyofuata alikwenda sokoni akiwa amefura. Njiani alifikiria kushtaki, akafikiria ataeleza nini, akaacha. Alikuta pampu mpya, ngazi na ndoo, na kina mama wale wale wakifundishwa na askari wa zimamoto kushika mpira wa maji. Hasira ikamshuka ikawa unyonge.

"Shemeji," akasema kwa adabu, "na mimi fungu langu liko wapi?"

Shemeji akamwonyesha machela.

"Umekuja wakati mzuri. Mwalimu ameuliza kama tunaye majeruhi, nikamwambia tunaye wa kudumu."

Nyuma yake, mama wawili walikuwa wameshaanza kukunjua kamba.