Kompresa Isiyo na Kelele

Jumatatu, 3 Machi

Siwezi kuendelea kudhalilika. Jumamosi kwenye klabu yetu ya shabaha Daktari wa Meno alikuja na kompresa yake mpya. Kimashine chenye mshikio, unakibeba kama kikapu cha sokoni. Akachomeka mpira kwenye bunduki yake ya upepo, akabonyeza kitufe, akakaa kunywa chai. Bunduki ikajaa yenyewe! Sisi huku, mimi na Shemeji, tunahangaika na pampu ya mkono kama watu wanaotwanga. Mmoja anapiga, mwenzake amekanyaga miguu ya pampu isiruke, macho kwenye geji ya presha. Shati limenilowa mpaka mgongoni. Daktari akanipungia kijiko.

Shemeji, kaka wa mke wangu, hakuona tatizo lolote. Yeye ni mwokaji mikate. Mikono iliyozoea kukanda unga, pampu kwake ni mchezo. Alisema hewa ni ile ile, akaendelea na hadithi yake ya mteja aliyerudisha mkate kwa sababu una shimo katikati.

Hewa si ile ile. Kuna hewa ya jasho na kuna hewa ya heshima. Mashindano ya wawili wawili ni Jumapili hii. Nitafika na kompresa yangu. Shemeji asijue kwanza. Nitamshangaza.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima kwenye simu nikitazama video za kompresa. Zipo za kila aina. Nyingine inapozwa kwa feni, nyingine lazima uitumbukizie mpira kwenye ndoo ya maji. Nyingine inataka umeme wa nyumbani tu, nyingine unaibana hata kwenye betri ya gari. Kila mzee wa kwenye video anasisitiza unyevu, unyevu, unyevu. Wanapenda sana kutisha watu.

Kazi imeharibika kidogo. Mimi ni fundi wa kufremu picha, na leo nimekata kioo cha picha ya harusi kikawa kifupi. Nimesogeza picha ndani ya fremu mpaka bwana harusi akabaki bega. Nimemweleza mteja kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Ameondoka na bibi harusi wake.

Jumatano, 5 Machi

Nimechagua! Mwenye duka la vifaa vya shabaha alijitahidi sana kunichanganya. Alisema nisitazame umbo, nitazame mambo matatu: inapoaje, inapumzika kila baada ya muda gani, na inakaushaje hewa kabla ya kuiingiza kwenye bunduki. Alisema presha kubwa namna hiyo hukamua maji kutoka kwenye hewa, na maji yakiingia ndani ya bunduki ni balaa. Akanionyesha kichungio cha unyevu, kijichupa kinachofungwa kwenye mpira. Kinauzwa peke yake. Nikamshukuru. Mimi si mtoto. Hewa ninayovuta mwenyewe kila siku haijawahi kunilowesha.

Mimi nilichagua kwa sikio. Nilimwambia awashe zote, moja moja, bila kuzifunga kwenye bunduki. Ile ya rangi ya machungwa ilinguruma kama paka aliyeshiba. Mwenye duka akasema ikibeba mzigo italia tofauti. Wauza duka ndivyo walivyo, ukipenda kitu wanakutilia shaka ili uonekane hujui.

Nilipungukiwa kidogo. Akakubali kuchukua pampu yetu ya mkono ijazie. Pampu ile tuliinunua nusu kwa nusu, mimi na Shemeji. Yeye ndiye aliyekuwa akiifungua na kubadilisha mipira ya ndani kila ilipochoka. Lakini mimi nimetoa nusu yangu tu. Nusu yake imefuatana nayo kwa kuwa haikatiki.

Nilipoiona pampu ikiwekwa rafu ya vitu vilivyotumika, moyo uliniuma. Nikatazama pembeni mpaka ukaacha.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ameliona boksi. Nimesema ni mashine ya kupuliza vumbi kwenye vioo. Akauliza kwa nini limechorwa bunduki. Nikasema maboksi siku hizi wanachapa ovyo.

Jioni Shemeji akapita. Bunduki yake begani, kama kawaida yake kila kabla ya mashindano, aiache hapa iwe tayari. Alisema Jumamosi atakuja alfajiri akitoka kwenye tanuri, na mkate wa moto, tupige pampu kwa utulivu. Tangu afiwe na mke wake haikosi Jumamosi. Tunapampu, anasimulia wateja wake, tunakunywa chai, jua linapanda. Nilimwambia safari hii apumzike. Nitazijaza mwenyewe zote mbili. Akanitazama. Akauliza kama nimekosana na mtu. Nikasema mgongo tu unasumbua. Akauliza kama mgongo unasumbua, nitapampuje bunduki mbili?

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikakohoa. Kikohozi kimenisaidia mara nyingi maishani, lakini leo Shemeji alikingoja mpaka kikaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Kompresa imeonja mzigo. Kelele! Ule mngurumo wa paka ulikuwa wa dukani. Nyumbani ni kama mtu anakata bati ndani ya pipa. Jirani akapiga ukuta. Mke wangu akaita kutoka jikoni akiuliza ni nini hicho.

Akili yangu ikafanya kazi upesi. Nikabeba mashine, bunduki mbili na ndoo, nikajifungia bafuni. Nikavuta waya wa umeme chini ya mlango. Nikafungulia maji ya moto kwa nguvu zote ili yafunike sauti. Nikamwambia mke wangu kwamba naoga na bomba linatetemeka. Mvuke ukajaa mpaka geji nikawa naifuta kwa kidole. Lakini ikapanda! Bunduki yangu ikajaa. Ya Shemeji ikajaa. Sikuinua hata mkono. Jasho lilipungua? Hapana, kwa sababu ya mvuke. Ila lilikuwa jasho la starehe.

Nikatoa hewa nikajaza tena, kwa kufurahia tu. Nikarudia. Mashine ilikuwa moto kama pasi. Nilitoka bafuni baada ya muda mrefu sana, na nguo zangu zote mwilini. Mke wangu alisema sijawahi kuoga hivyo tangu siku ya ndoa yetu.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alikuja hata hivyo. Alfajiri, mkate kwapani, unga kwenye nyusi. Alisema amezoea, usingizi umekataa. Nikamwonyesha bunduki zimejaa. Akafurahi, kisha furaha ikapungua. Akauliza nilipampu na nani. Peke yangu, nikasema. Akataka kuiona pampu, akague mipira yake. Nikasema nimemwazima Daktari wa Meno.

Kwa nini Daktari? Kati ya watu wote! Mtu mwenye kompresa aazime pampu ya nini? Jina lake ndilo lililokuwa karibu na mdomo.

Shemeji hakubisha. Aliuweka mkate mezani, akasema ana safari ya kupeleka mikate. Hakukaa kunywa chai. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeikata fupi zaidi, kwa sababu zahanati ya Daktari iko kwenye njia yake ya mikate.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa aibu.

Shemeji alifika klabuni. Mtu mwingine asingekuja. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya mgongo. Hakutaja pampu. Ningeona afadhali angeniuma sikio.

Duru ya kwanza tulikwenda sawa. Kisha ikabidi kuongeza hewa. Wakati wangu umefika! Nikaomba ufunguo wa gari lake la mikate, nikafungua boneti, nikaitoa kompresa mbele ya klabu nzima, nikabana vibanio vyake kwenye betri. Watu wakasogea. Daktari wa Meno naye. Nikawaeleza habari ya ukimya wake, ikabidi nipaze sauti ili wanisikie.

Shemeji aliitazama mashine, akanitazama mimi. Akaelewa yote pale pale. Sikuweza kumwangalia.

Duru ya pili, risasi yangu ilitoka kama mtu anayetoka kitandani bila kutaka. Ikaanguka nyasini njiani. Ya pili ikafanya pff, bunduki ikatema maji. Maji kweli! Yakamfikia mwamuzi kwenye miwani. Ya Shemeji ikafuata, ikakoroma, ikatema, ikanyamaza. Fundi wa klabu akaitikisa karibu na sikio na kuuliza kama nilikuwa nafuga samaki. Tukatolewa kwenye mashindano. Mwaka mzima wa mazoezi ukaishia kwenye miwani ya mwamuzi.

Kisha gari la mikate likagoma kuwaka. Kompresa ilikuwa imeinyonya betri yote. Mikate ya jioni imo ndani, wateja wanangoja. Tukasukuma. Daktari wa Meno akasukuma, na viatu vyake vyeupe. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma kupita yote.

Lilipowaka, Shemeji akanivuta kando. Aliongea polepole.

"Shemeji, pampu ilikuwa yetu wote, lakini hiyo basi. Mimi nikitoka kazini Jumamosi sina pa kwenda. Nyumbani kwangu kuna kiti tu. Ungeniambia umechoka kupampu, ningekuja tukanywa chai. Sikuwa nakuja kwa ajili ya upepo."

Nikasema nilitaka kumshangaza. Akasema nimefaulu. Jumamosi ijayo atalala, akasema. Bunduki yake aliniachia mimi: nimetia maji mwenyewe, nitoe mwenyewe.

Nilirudi kwa miguu na kompresa mkononi. Ile ya kubebeka kama kikapu. Labda kikapu cha mawe.

Jumatano, 12 Machi

Nimezifungua bunduki zote mbili kwenye meza ya kufremia. Kutu imeshaanza kwenye yangu. Ya Shemeji imesalimika, kwa kuwa amekuwa akiitunza na mimi sikuwahi kuitunza yangu. Nimekausha kila kipande kwa kitambaa kile laini cha vioo vya wateja.

Mke wangu, tangu nimsimulie yaliyotokea Jumapili, hanisemeshi ila kwa mambo ya lazima. Leo mambo ya lazima yalikuwa chumvi. Alipoipokea alisema kaka yake hajawahi kumwambia mtu kwamba nyumba yake ina kiti tu. Hata yeye, dada yake wa tumbo moja, hajawahi kumwambia. Nikashindwa kula.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka alfajiri bila sababu. Nimechemsha chai. Nimeweka vikombe viwili uani kwa mazoea. Kila gari lililopita nilifikiri ni la mikate.

Kumbe nilikuwa nikizipenda zile hadithi zake. Huyo mteja wa mkate wenye shimo, sijui hata aliishia wapi. Alirudishiwa pesa? Alipewa mwingine? Shemeji alikuwa anafika penye utamu na mimi macho yangu yako kwa Daktari. Majuto ni mjukuu, na leo mjukuu ameketi uani nami mpaka jua likawa kali. Mke wangu akatoka, akachukua kile kikombe cha pili akarudi nacho ndani.

Sitaki tena kompresa. Sitaki heshima. Namtaka Shemeji wangu.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu amekwenda kwa kaka yake. Amerudi akitabasamu kwa mbali. Shemeji amesema yameisha. Jumamosi ijayo atakuja. Kuna mzee wa klabu atamwazima pampu ya mkono, tutakanyaga na kupampu kama zamani. Ila ametuma neno moja, na mke wangu alinitaka nilirudie mbele yake ndipo akaniamini:

"Mwambie asinunue kitu. Akae tu."

Nimelia kidogo. Nimesema ni kitunguu, ingawa tulikuwa sebuleni.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefikiri. Mtu akikusamehe namna hii, unamkalisha kwenye pampu ya kuazima? Atoke kwenye tanuri amechoka, umpe pampu? Huo ni utu?

Sasa nimelielewa kosa langu. Kompresa ilikuwa ndogo mno. Mwenye duka anayo nyingine: kubwa, ina vichungio viwili vya unyevu, ina injini yake yenyewe, haigusi betri ya mtu. Inajaza bunduki mbili kwa mpigo, na sisi tumekaa, tunakunywa chai, anasimulia. Hicho hasa ndicho alichosema anataka! Kukaa! Kelele yake sikuisikia vizuri kwenye simu, lakini mwenye duka hakuilalamikia.

Nimempigia mara mbili. Anakubali kuichukua ndogo na bunduki moja juu yake. Yangu ameikataa kwa ajili ya kutu. Lakini ya Shemeji imekauka vizuri sana, inang'aa. Na kwa kweli watu wawili wanaoelewana hawahitaji bunduki mbili. Tutapokezana yangu. Nusu kwa nusu, kama siku zile.

Sijanunua kitu. Nabadilisha tu.

Mke wangu ameniuliza mlangoni naipeleka wapi bunduki ya kaka yake. Nimemwambia naipeleka juani.