Ekseli ya Nyuma Imechomelewa

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimekwama tena Githongo, huku juu kwenye mashamba ya kahawa. Tope hadi magoti. Tairi moja ya nyuma ya Landrova inazunguka kama yenye wazimu, mwenzake ametulia, hana habari. Ndambiri, dereva mwenzangu, akapita na pikapu yake mpya, akapiga honi mara mbili. Honi ya huruma! Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nyumbani Majengo, mke wangu Zuleka amenipa hadi Jumapili. Landrova isipopata kazi, anamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, nami naenda kuosha matumbo kwenye bucha ya kaka yake. Gari la marehemu baba! Lakini mzee Muthamia, mwenyekiti wa wakulima wa kahawa, anatafuta dereva wa msimu mzima. Jaribio ni Jumamosi. Panda hadi mashambani, shusha magunia, fika kiwandani kahawa ikiwa bado mbichi. Mimi au Ndambiri.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata dawa! Kwenye simu. Jamaa fulani wa ng'ambo kachomelea difu, yaani zile gia ndani ya ekseli zinazoruhusu tairi moja izunguke zaidi kuliko nyingine. Zikishikana, tairi zote mbili zinavuta pamoja. Tope litanitambua.

Fundi Njue amekataa. Kasema topeni nitapita, sawa, lakini kwenye lami kila kona tairi ya nje lazima iizidi mbio ya ndani, la sivyo shafti inayozizungusha itakatika. Nikamwambia kahawa haioti kwenye lami. Akaniuliza kiwanda nacho kiko wapi. Mwoga tu huyu. Nikaenda kwa Idrisi, anayechomelea mageti hapa mtaani. Hajawahi kuona difu maishani mwake. Kasema chuma ni chuma. Mtu wa maana sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Idrisi kamaliza kuchomelea. Nimeijaribu Kinoru. Mbele inaenda. Nyuma inaenda. Kona haitaki. Nilikata usukani karibu na uwanja, yenyewe ikanyoosha hadi kwenye viazi vya Angeline, muuzaji wa kando ya barabara. Tairi zililia mpaka watu wakatoka madukani. Nimenunua vyote vilivyopondeka. Zuleka ameuliza mbona tunakula viazi asubuhi, mchana na jioni. Nimesema vina nguvu.

Nimetafuta njia ya Githongo yenye kona chache. Nimehesabu hamsini na tatu, nikaacha kuhesabu.

Jumamosi, 9 Novemba

Alhamdulillahi, halafu inna lillahi, siku hiyo hiyo.

Landrova ilipanda kama mbuzi! Wakulima walishangilia. Pikapu ya Ndambiri iliteleza ikalala mtaroni. Nikapakia magunia kumi na mawili, nikateremka, nikaingia lami. Nilikuwa naimba. Geti la kiwanda liko kwenye kona kali. Nikakata usukani. Ta! Shafti imekatika, vipande vimeingia kwenye gia. Haiendi mbele, hairudi nyuma, na geti nimeliziba mimi.

Nyuma yangu foleni ya wakulima na punda, kahawa yao ikipigwa na jua. Kahawa iliyochumwa leo humenywa leo, isipomenywa inachacha. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo akaja Ndambiri kwa miguu, tope hadi kifuani, akaanza kubeba magunia yangu begani. Afadhali angenicheka. Trekta ya kiwanda ikanikokota hadi uani. Mzee Muthamia akaegemea dirisha langu.

"Gari yako inapanda mzuri sana, Abdilatif. Shida ni kufika."

Jumapili, 10 Novemba

Zuleka amekuja Githongo, hadi hapa uani kwa kiwanda, na chupa ya chai. Nilingoja kelele. Hakupiga. Alikaa kiti cha abiria, akapangusa dashibodi kwa ncha ya leso, akasema hata yeye anamkumbuka marehemu baba. Nililia kidogo. Sioni haya kuandika.

Halafu akaja Muthamia na Ndambiri. Wameshauriana. Landrova ilale huku juu, ishushe kahawa topeni hadi ukingo wa lami, Ndambiri aipokee hapo. Lami isiikanyage tena. Msimu mzima! Njue atatia shafti nyingine kesho kutwa. Zuleka amekubali, kwa sharti moja.

"Apa, Baba Rahema. Ekseli hii ya nyuma hutaigusa tena."

Nimeapa kwa moyo wote. Sina nia hata kidogo ya kuigusa. Ya mbele hakuitaja. Idrisi anapanda huku kesho saa tatu, Zuleka akisharudi Majengo.