Zumari Ndani ya Santuri

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Dhuluma! Chama chetu cha taarabu kimeletewa santuri ya Kihindi, wimbo wa kumtoa nyoka pangoni. Bibi arusi Asmahani anautaka upigwe arusini kwake Ijumaa. Mle ndani chalia chombo mpaka nywele zasimama. Zumari! Hata kiziwi angejua. Idarusi, mpiga kinanda, kasema ni kinanda. Huyo hata jogoo atamwita kinanda. Mwenyekiti, Mzee Haji, kakata shauri: chombo kitakachothibitika ndicho kitakachopewa kiti cha mbele. Mimi, mpiga zumari, walinitoa chamani mwaka jana, eti zumari yawaumiza masikio. Kiti hicho nakitaka. Sijalala vizuri mwaka mzima kwa kukitaka.

Jumanne, 2 Agosti

Mwamuzi ni Tadeo, fundi redio, Mbondei wa misheni, mtu wa haki. Nimempelekea samaki watatu, changu wa Kigombe, wabichi, kwa mapenzi tu. Nikamdokeza kwamba zumari hulia kwa sauti ya puani. Kashukuru sana. Mambo yameiva.

Jumatano, 3 Agosti

Mambo yameungua! Tadeo kasikiliza mara tatu, macho kafumba, kisha kasema Idarusi hakukosea. Eti ni kinanda kidogo cha umeme, cha Ulaya, kina taa ndani kama za redio, nacho huiga zumari. Ushahidi: sauti haikatiki, mpigaji hapumui. Na samaki wangu kala!

Nikasimama. Nikawauliza kama wamesahau kwao. Mpiga zumari wa pwani hii huvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kupuliza. Nikawapigia papo hapo bila kukata, mpaka kahawa zao zikapoa. Idarusi kanywea. Mzee Haji akasema basi, Ijumaa nipige mimi, nikimaliza salama nitarudishwa.

Ijumaa, 5 Agosti

Sikukosea hata mara moja. Liandikwe hilo. Aliyeharibu ni Bi Mwatumu, shangazi wa bibi arusi. Kusikia zumari tu, pepo kampanda! Mtaa mzima wa Chumbageni wajua pepo wake huitwa kwa zumari. Nani kamkalisha mbele? Pepo kataka halua, kapewa. Kataka marashi, kapewa. Kisha kasema hashuki mpaka nimpigie zaidi. Nimempigia hadi alasiri. Midomo imeumuka kama maandazi. Wageni wamekula pilau wima, bwana arusi kapitishwa mlango wa uani, Asmahani kalia. Asante sijapata.

Nikawaambia pepo ndiye shahidi wangu, aijua zumari kuliko fundi redio. Idarusi akasema Bi Mwatumu ameisikiliza santuri kama ile nyumbani kwao wiki nzima akichambua mchele, na pepo hakujitikisa. Fitina! Pengine pepo alikuwa safarini.

Jumapili, 7 Agosti

Mzee Haji kaniita chamani. Nikampa shikamoo yake. Kasema Bi Mwatumu mwenyewe ameniombea, kiti kipo, sharti moja tu: nikiri mbele ya wenzangu kwamba kile ni kinanda. Neno moja! Kiti nikakitazama. Wamekitia mto mwekundu. Machozi yalinilenga, sifichi.

Nikafungua mdomo, nikaomba santuri igeuzwe. Upande wa pili chalia chombo wanachokiita fidla. Nikawaeleza, kwa adabu zote, kwamba ile si fidla.

Kiti wamempa Tadeo, apige tari. Hata kuishika hajui.