Mtoto wa Kati Hayumo Pichani

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa jumba la makumbusho linafungua maonyesho ya picha za ndugu zangu wapiga picha: Manang Medes, dada yetu mkubwa, na Nonito, kitinda mimba. Mimi Karpo, wa kati, nimepewa kadi ya mgeni wa kawaida. Wa kawaida! Bango limebandikwa mji mzima wa Iloilo: wao wawili utotoni, wanacheka mvuani chini ya jani la mgomba. Nanay, mama yetu, ameliweka sebuleni, juu ya Santo Niño, sanamu yake ya Mtoto Yesu. Wivu umenikaba, siufichi. Nataka siku moja aniangalie mimi hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Majivu ya Kwaresima bado yako usoni, nikaenda kudanganya. Nilimwambia Bi Gallego, mkuu wa maonyesho, kwamba hata mimi nilikuwamo kwenye ile picha ya bango, pembeni, wakanikata. Masikini, akasema. Kisha akauliza, basi aliyepiga ni nani? Ndiyo picha bora kuliko zote, ndugu zangu hawakumbuki, na jina lake litaandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mungu wangu! Nilipiga mimi! Lakini ningesimamaje mbele ya kamera na nyuma yake kwa mpigo mmoja? Nikamtaja Tibo, jirani yetu muuza mkaa.

Ijumaa, 7 Machi
Tibo kakata utepe, kavaa barong, shati la sherehe, ya kuazima. Eti hakumbuki vizuri, ila inaelekea ni yeye. Mshenzi! Kaa wote wa kupikwa wa karamu kawamaliza yeye.
Nanay akanivuta kando. Akauliza, nani kasema ni Tibo? “Ulipiga wewe, mwanangu. Nilikupa kamera makusudi. Watatu wakipigwa picha pamoja, wa katikati hutangulia kufa. Ningekuweka wapi mimi?” Nikalia, sioni haya kusema. Akataka kumwendea Bi Gallego papo hapo. Nikamzuia, nitaonekana mwongo.

Jumapili, 9 Machi
Padri amehubiri juu ya uongo, akinitazama. Nimeguswa sana.
Tibo ameombwa atoe mhadhara kuhusu sanaa yake. Haivumiliki! Nimempigia simu Bi Gallego: aliyemfundisha Tibo kupiga picha ni mimi. Kafurahi, anataka nilete kesho picha moja niliyopiga kwa mkono wangu.
Nitaazima moja ya Nonito. Anazo nyingi, hatajua.