Fomu ya Migongo na Mioyo Mizito

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Ofisi ya Uratibu wa Majalada, Pasiansi, imetokomeza maumivu ya mgongo na huzuni miongoni mwa watumishi wavutao sigara. Kazi ilichukua siku moja.

Kabla ya hapo hali haikuridhisha. Mzee Machibya wa masijala aliinuka kitini kwa awamu tatu. Akishasimama, alikwenda nyuma ya jengo, akavuta sigara akitazama ziwa, hasemi na mtu. Mwezi mzima aliomba ruhusa ya kumwona daktari.

"Mkurugenzi, asubuhi sioni sababu ya kuamka," alisema.

"Sababu ni daftari la mahudhurio," akajibu Mkurugenzi Pius.

Ndipo barua ya hospitali ikaja. Muuguzi Wilhelmina angepita kukusanya fomu yenye maswali matatu: unavuta sigara? Mgongo unauma? Moyo ni mzito? Mwenye ndiyo tatu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Kwa maslahi mapana ya taswira ya taasisi, akaagiza watumishi wote wajibu hapana.

"Na mgongo wangu?" akauliza Machibya.

"Nao ni wa mtumishi."

Fadhila wa mapokezi akamnong'oneza, "Mzee, jaza umesimama. Ukikaa, nani atakuinua?"

Machibya hakucheka. Akaandika hapana tatu.

Mimi ni katibu muhtasi. Fomu za Mkurugenzi huzijaza mimi, naye husaini bila kusoma, kwa kuwa kusoma kumekasimiwa ngazi za chini. Agizo lilihusu watumishi, na Mkurugenzi hutukumbusha kila Ijumaa kwamba yeye si mtumishi, ni uongozi. Nikasali, nikajaza ukweli. Sigara zake nanunua mimi. Dawa ya kuchua humpaka mimi. Na mlango wake ukifungwa mchana kutwa, bila simu wala mgeni, anayekaa nje ni mimi.

Akasaini.

Muuguzi alipopekua fomu akasema, "Mgonjwa wenu ni mmoja. Pius ni nani?"

Mkurugenzi akaitazama saini. Kuikana hiyo kungekuwa kuzikana zote za miaka sita.

"Ni kweli, baba?" akauliza muuguzi.

Mkurugenzi akafunika kalamu yake.

"Tangu Aprili," akasema, kwa sauti ambayo hatukuijua.

Kwa mujibu wa utaratibu, mgonjwa husindikizwa na mtumishi mwandamizi aliyethibitishwa kuwa na afya njema. Huyo, kwa maandishi, alikuwa Machibya. Waliingia garini polepole, kila mmoja akimshika mwenzake kiwiko.

Saa nane nikampigia Machibya simu.

"Shikamoo, mzee. Daktari kamwona Mkurugenzi?"

"Marahaba. Bado. Kaniona mimi, na kesho nirudi tena."

"Mkurugenzi je?"

"Kaniambia nitangulie. Yeye kakaa kwenye benchi, anaisoma ile fomu."