Hodi Kabla ya Bei

Jumatatu, 8 Machi 1999
Shangazi Hafsa amekubali nimtengenezee tovuti! Nyumba yake ya wageni hapa Diani imelala tupu tangu zile fujo za mwaka juzi zilizofukuza watalii. Ijumaa, wakala mmoja wa watalii wa Hamburg, Bi Ilse, atatazama tovuti za nyumba ndogo ndogo na kuchagua moja ya kuletea kundi lake la Pasaka. Likija kwetu, mimi ni meneja. Lisipokuja, narudi kwenye bwawa la kuogelea, kuopoa majani kwa wavu. Sijawahi kutengeneza tovuti. Nimeziona nne.

Jumanne, 9 Machi
Ukunda, dukani kwa Kanze, mwenye kompyuta. Asubuhi nzima nimetembelea tovuti za watu. Aibu! Kuna lango moja kubwa la Wamarekani: unaingia tu, unamwagiwa orodha ya kila kitu duniani. Salamu hakuna. Hoteli nazo zinatanguliza bei, kama wauza samaki.
Yangu itakuwa na adabu. Ukurasa wa kwanza: Hodi. Unabonyeza, unakaribishwa. Unaofuata: habari za safari. Kisha za nyumbani. Kisha za watoto. Kisha maji ya kunywa (picha). Bei mwisho kabisa, watu wakishazoeana. Yote kwa Kijerumani changu cha ufukweni.

Jumatano, 10 Machi
Wafula, karani wa nyumba ya jirani, naye ametengeneza tovuti. Ukurasa mmoja! Kijivu. Kitanda, bei, simu. Nilicheka mpaka nikashika ua unaotutenganisha. Akaniambia, "Buda, mgeni anataka kitanda na bei. Hizo story zingine wacha." Nikamjibu kwamba huko bara walilelewa kwa haraka.
Nimeongeza herufi za kumetameta na taarabu inayojipiga yenyewe. Kila ukurasa una picha ya Shangazi akitabasamu, kila picha na leso yake kichwani. Kanze anasema picha ni nzito, laini ya simu itachoka. Nimemwambia ukarimu haujawahi kuwa mwepesi.

Alhamisi, 11 Machi
Majaribio, kwa programu mbili za kufungulia tovuti. Kwa Internet Explorer, tovuti inapendeza. Kwa Netscape, kichwa cha Shangazi kinakaa juu ya maandishi. Kanze anasema Netscape haina kosa, kosa ni langu, nirekebishe. Kurekebisha! Nimeandika mlangoni: "Wenye Netscape, tafadhali piteni mlango wa nyuma." Suluhisho safi. Mlango wa nyuma nitaujenga nikipata nafasi.

Ijumaa, 12 Machi
Faksi kutoka Hamburg imeingia baada ya swala, na maelezo yote. Bi Ilse alibisha hodi, akakaribishwa. Alisubiri picha ya Shangazi ishuke, kwanza leso, baadaye sana uso. Akajibu habari za safari. Akajibu za nyumbani. Kwenye watoto akakwama. Hana watoto, na mimi nilikuwa nimeweka vitufe viwili tu: "Hawajambo" na "Hawajambo kabisa". Nani hujibu vingine? Mswahili angebonyeza na kupita. Yeye hakutaka kusema uongo. Akatoka, akaingia kwa Wafula, akaona kitanda na bei. Kundi zima la Pasaka limevuka ua!
Shangazi aliisoma faksi mara mbili. Sikusubiri, nikamwamkia shikamoo upya. Akaitikia marahaba, akasema, "Jaafar mwanangu, wavu uko pale pale ulipouacha."

Jumapili, 14 Machi
Majani mengi leo. Wafula amechungulia juu ya ua kuniuliza kama bwawa nalo lina hodi. Mimi nilikuwa nafikiri.
Nimeliona kosa. Bi Ilse aliondoka bila kusindikizwa! Alifunga tu, akaenda zake. Nyumba gani hiyo? Sasa mgeni akifunga tovuti, litatokea dirisha jingine: "Mbona mapema?" Akilifunga hilo: "Hata chai?" Akilifunga na hilo: "Basi wasalimie." Kisha tunaanza tena, maana msindikizaji mzuri haachi watu njiani.
Mteja nimeshampata. Bwana Chirau wa Msambweni amenunua gari la kubebea wagonjwa, anataka tovuti ya watu wenye dharura. Nimemwonyesha mchoro. Ameutazama, akauliza namba ya simu iko wapi. Nimemtoa wasiwasi: ipo, mara tu baada ya habari za mgonjwa.