Jogoo wa Boma Lisilokuwepo

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimeagwa! Ukumbi wa kanisa hapa Ntinda, Kampala, ulijaa hadi madirishani. Pilau, soda, maombi mawili marefu na moja refu zaidi. Nimestaafu rasmi. Miaka ishirini na saba nikiwa karani wa ghala la mabeseni kule sokoni Kikuubo, na sasa Okinyi anarudi kwao Siaya kwa miguu yake mwenyewe.

Hilo la miguu ndilo lililowatoa watu machozi. Chama chetu cha Wakenya kimezoea kusafirisha maiti. Tunachanga, tunatafuta gari, tunasindikiza jeneza hadi Busia na ng'ambo yake. Mwenyekiti Nyongesa alisimama akasema mimi ni mwanachama wa kwanza kusafirishwa nikiwa nimekaa. Makofi! Kina mama wakapiga vigelegele. Mke wangu Aoko alilia kwa furaha. Mimi pia nililia, kwa sababu nyingine.

Ukweli, na uishie humu daftarini: sina nyumba Siaya. Sina hata shimo la msingi. Mabati niliyonunua zamani niliyauza nikafuga kware, wakati ule kila mtu alikuwa akifuga kware, na kware wangu walikufa wote. Lakini kosa ni la Nyongesa. Januari aliuliza mkutanoni nani atakuwa wa kwanza kurudi nyumbani akiwa hai, na nikaona mkono wake mwenyewe unaanza kuinuka. Ningekubali? Nikanyoosha wangu. Yote miwili.

Zawadi: blanketi, na jogoo mwekundu mwenye utepe wa rangi za chama mguuni. Kwetu Wajaluo mwanamume akifungua boma jipya huingia na jogoo mkononi, kifungua mimba wake ameshika shoka, mke amebeba moto. Kifungua mimba wetu, Oketch, amepiga simu kutoka Nairobi. Ameshanunua shoka.

Jumatatu, 3 Machi

Kamati nzima ilitusindikiza hadi kwenye basi. Wimbo mmoja, ombi moja. Nyongesa alinikumbatia akaninong'oneza kwamba ananionea wivu. Utamu ulioje! Basi likaondoka. Tukashuka Mukono, hata saa mbili za safari hazijaisha.

Aoko aliuliza kuna nini. Nikamwambia rangi ya nyumba haijakauka. Akauliza ni rangi gani isiyokauka mwezi mzima wa jua. Nikamwambia ni ya kisasa. Alibeba furushi la vikombe vyake, amevifunga kimoja kimoja kwa magazeti, akanifuata tukarudi tulikotoka.

Tumepanga chumba Luzira kwa Mzee Kasim, Mnubi, mjukuu wa askari, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Amefunga Ramadhani. Hapa Luzira hakuna mwanachama hata mmoja, nimehakikisha. Dirishani unaona ukuta wa gereza. Aoko alisema mahali panatufaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la chama. Nimesema nimekaa barazani kwangu, upepo unatoka ziwani, majirani hawaishi kunisalimu. Ziwa ni kweli. Ni lile lile, upande huu. Na jogoo akawika katikati ya maneno yangu! Watu arobaini wameandika amina. Nyongesa hakuandika kitu. Imemuuma!

Jirani yetu ni Mzungu mstaafu. Kaptura, miguu myekundu. Kasim anasema alihamia hapa kwa ajili ya jua, na kwa sababu kwao alikuwa anaweza kumaliza wiki bila kusalimiwa na mtu. Hapa akienda kununua mkate anasalimiwa mara tisa. Nimewaza sana. Mzungu akizeekea ugenini, watu wanasema amechagua pazuri. Mimi nikizeekea hapa hapa, kwetu watasema nimelowea, nimepotea, nimerogwa na mwanamke. Na jua ni hilo hilo! Tofauti ni kwamba yeye ana nyumba aliyoiacha, mimi nina nyumba niliyoisimulia. Nikaenda kumtafutia jogoo mahindi.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nyongesa ametangaza kwamba kamati itakuja Siaya Jumamosi ya tarehe 15 kuona boma. Watakuja na lile gari la maiti tunalolikodi siku zote. Ameandika kwamba wanatamani gari hilo livuke Busia mara moja tu bila jeneza ndani.

Nifanyeje? Kwanza nilifikiria kusema nimefiwa. Mjinga mimi! Chama cha kuzikana ukikiambia msiba kinafika siku hiyo hiyo na sufuria zake. Nikaandika kwamba nyuki wameingia darini, wakali mno, waahirishe hadi Agosti. Hazikupita dakika mbili Nyongesa akajibu kwamba ana dada, Nakhisa, anayerina asali. Naye atakuja.

Nimekwenda kwa Mzee Kasim. Nimemwomba, mtu yeyote akija kuniulizia, aseme sipo. Aliendelea kuvuta tasbihi yake. Nikadhani tumeelewana.

Jumamosi, 8 Machi

Wazo! Wakishaiona nyumba kwenye picha hawatakuwa na haja ya kuja. Mzungu alikuwa ametoka. Nilimbembeleza mlinzi wake, Ongom, Mwacholi mpole, aniruhusu nikae barazani dakika moja tu na anipige picha. Nilikunja nne. Nilimpakata jogoo. Picha ikatoka safi, nikaituma papo hapo bila kuiangalia mara mbili.

Nilipaswa kuiangalia mara mbili. Mlangoni nyuma yangu, amesimama na taulo kiunoni, Mzungu. Hakuwa ametoka. Moreen, mweka hazina wa chama, aliuliza huyo ni nani. Nikajibu ni mpangaji wangu. Sasa kina mama wanabishana kwenye kundi wamletee Mzungu wa Okinyi zawadi gani.

Jumapili, 9 Machi

Niandike haraka kabla aibu haijanitia ganzi. Kwaya yetu huenda kuwaimbia wafungwa Jumapili moja kila mwezi. Nilisahau! Miaka kumi nimeimba besi ndani ya gereza hilo hilo, nikasahau. Leo walipotoka, Moreen akapita kwa Kasim kuuliza wapi atapata samaki wabichi. Akamwona jogoo. Akauona utepe. Aliufunga yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nimechuchumaa, nimejifunika beseni. La Kikuubo, la buluu. Nikamsikia Moreen akiuliza mwenye jogoo huyu ni nani, na kama yupo. Nikamsikia Kasim akivuta pumzi.

"Nyabo, mama yangu," akasema, "mimi nimefunga. Uongo siwezi. Ameniambia niseme hayupo."

Beseni likainuliwa. Moreen hakucheka. Afadhali angecheka. Alinisalimu kwa heshima kama siku zote, akauliza nyuki wanaendeleaje.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimemwambia Aoko. Nilianzia kwenye kware. Alinisikiliza huku akichambua mchele, na nilipofika kwenye mabati akaniambia, "Baba Oketch, usijichoshe." Alijua. Tangu lini? Tangu picha.

Picha ile! Si ya Mzungu, ya zamani. Miaka minne iliyopita nilimwonyesha nyumba yetu, paa la kijani, baraza refu. Ni zahanati ya kijijini. Watu waliokaa kwenye benchi nilimwambia ni wageni waliokuja kutupongeza. Aoko amesema hajawahi kuona wageni saba wa kupongeza, kila mmoja ameshika daftari, na mmoja amefungwa bendeji kichwani.

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akifunga vikombe. Akasema alidhani nikimwona anafunga nitaona haya, nitajenga. Kila Desemba amevifunga, kila Januari amevifungua. Miaka minne. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeniambia chumvi imeisha.

Sijawahi kuaibika hivi. Hata chini ya beseni sikuaibika hivi. Nilitoka nikakaa na jogoo, nikashindwa kumtazama hata yeye. Mwanamke amenivumilia hadi uvumilivu wenyewe umechoka, na mimi nilikuwa najiona mjanja! Naapa humu daftarini: uongo basi. Nimeacha. Baadaye Oketch akapiga simu kuuliza anoe shoka sasa au asubiri. Nikamwambia simsikii vizuri, nikakata.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitwa Ntinda. Ukumbi ule ule. Nilikwenda na Aoko, na jogoo kikapuni ili nimrudishe. Nilisimama mbele nikasema yote: kware, Mukono, nyuki, Mzungu, beseni. Aoko alikuwa ametazama mikono yake, na hilo liliniuma kuliko macho yote mengine. Nilipomaliza nikangoja Nyongesa anisute. Nafasi hiyo ameitafuta miaka ishirini.

Nyongesa alisimama. Akatazama sakafu. Akasema kwake Bungoma ana msingi tangu mwaka 2009, na katika chumba cha kulala umeota mgomba. Umeshazaa mara tatu. Baada yake akasimama mzee mwingine, akasema yeye ana milango miwili ya mninga, mizuri sana, haina ukuta. Moreen akasema yeye kiwanja chake hawezi kukionyesha bila kumuuliza jirani kwanza kinaanzia wapi. Ukumbi mzima ukaanza kusimama mmoja mmoja, kama siku ya kutubu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hatuondoki Kampala. Si mishahara, haipo. Si hali ya hewa, si matoke. Tunaona haya kufika. Tunangoja jeneza kwa sababu maiti haijibu maswali. Nimeliandika hili ili nisilisahau.

Kisha Nyongesa akauliza kama ni kweli kwamba kwetu nyumba ya kufungulia boma hujengwa kwa siku moja. Nikasema ni kweli, ndogo tu, kuta za udongo. Akasema basi safari ya Jumamosi iko palepale. Watakuja watu kumi na wawili na nyundo. Mabati yatatoka kwake, yale aliyojiwekea kwa ajili ya msingi wake. Alisema mgomba wake unaweza kungoja. Nilimshika mkono. Aoko alishukuru kwa niaba yangu, akalia, na safari hii nilijua analilia nini. Jogoo nikarudishiwa, na utepe mpya.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho alfajiri tunaondoka. Mabati yako juu ya gari la maiti, yamekazwa kwa kamba. Mzee Kasim ametuletea tende, na msumeno wa babu yake wa kuazima. Amesema yote yamesamehewa, ila nisimpe tena kazi ya kunisemea uongo mwezi mtukufu. Nimempigia Oketch nikamwambia anoe shoka. Aoko anafunga vikombe kwa magazeti mapya. Anaimba! Sijamsikia akiimba tangu enzi za kware.

Mimi ni mtu mpya. Nasema wazi. Aibu imenifunza, na somo limeingia.

Jioni nimempigia mdogo wangu kule nyumbani kumjulisha tunakuja. Nilikusudia kumwambia ukweli wote, kuanzia kware. Nilianza vizuri. Nikasema nakuja na shemeji yake, na watu kumi na wawili, na mabati. Akapiga mluzi. Akasema, kaka, kijiji kizima tulidhani umepotelea Uganda, kumbe una wafanyakazi kumi na wawili!

Ningemkatiza? Alikuwa na furaha. Nilimwacha kidogo tu, na akaendelea mwenyewe. Akauliza kama ni mafundi wa kampuni yangu. Nikasema kampuni ni ndogo. Akauliza mkubwa wao ni nani ili amtafutie kiti kizuri. Nikamwambia mkubwa ni mimi, kiti ni changu, hao wengine watakaa popote. Ila yuko fundi mmoja wa kuangaliwa, mnene, anaitwa Nyongesa. Ni mchapakazi, lakini amechanganyikiwa kidogo na ana tabia ya kudai kwamba mabati ni yake. Wasibishane naye. Wampe chai.